Usiku mmoja Salle Gaveau: Debussy, Ravel na Fauré kwa masikio ya mtoto wa taarab

Mwana wa Ng'ambo (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Mimi humu ni msomaji, kuandika si kawaida yangu. Ila tangu Alhamisi kuna jambo limenikaa kifuani na huku nilipo sina wa kumweleza kwa Kiswahili.

Naishi kitongoji cha Paris, huu mwaka wa sita. Alhamisi baada ya zamu ya kazi nilikwenda ukumbi wa Salle Gaveau, mtaa wa La Boétie, kusikiliza muziki wa Kifaransa wa piano na ala za nyuzi. Piano moja, fidla moja, viola moja (kubwa kidogo kuliko fidla), chelo moja (kubwa zaidi, hupigwa mtu amekaa). Basi. Hakuna wa kuongoza mbele, hakuna kipaza sauti, hakuna mwimbaji. Wenyewe huuita muziki wa chumba, kwa kuwa ulitungwa upigwe sebuleni mbele ya watu wachache, na kila sauti ina mtu wake mmoja tu. Akikosea hana wa kumficha.

Nimezaliwa nyumba yenye fidla. Baba alipiga fidla kwenye kikundi cha taarab pale Ng'ambo, Unguja, kwa miaka mingi, na sisi watoto tulilala tukisikia anafanya mazoezi chumba cha pili. Kwa hiyo fidla kwangu si ala ya Wazungu. Lakini muziki huu nilikuwa nikiukwepa. Niliona una wenyewe.

Zilipigwa kazi tatu: sonata (utungo wa sehemu kadhaa) ya fidla na piano ya Claude Debussy, trio ya piano ya Maurice Ravel, yaani piano, fidla na chelo, kisha kwarteti ya kwanza ya piano ya Gabriel Fauré, yaani hizo tatu pamoja na viola.

Nianze na ukumbi, maana ndio ulionifanya ninunue tiketi. Salle Gaveau ilifunguliwa mwaka 1907, na kazi mbili kati ya hizo tatu zilisikika mara ya kwanza humo humo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Trio ya Ravel ilikuwa Januari 1915. Sonata ya Debussy ilikuwa tarehe 5 Mei 1917, na piano aliipiga Debussy mwenyewe, fidla Gaston Poulet. Onyesho lile lilikuwa la kuchangia askari waliopofuka vitani. Debussy alikuwa anaumwa saratani, na Paris haikumwona tena jukwaani baada ya siku hiyo. Alifariki tarehe 25 Machi 1918, na siku hizo mizinga ya masafa marefu ya Wajerumani ilikuwa inaupiga mji.

Nilikaa roshani, upande wa kushoto, mahali ambapo mikono ya mpiga piano inaonekana vizuri. Nikawa nawaza, mgonjwa yule alikaa pale pale.

Sonata yenyewe ni fupi, haifiki robo saa. Nilidhani mtu anayejua anakufa ataandika kilio kirefu. Hakuandika. Piano inaweka sauti chache za upole, fidla inashuka kutoka juu kama mtu anayeteremka ngazi gizani, na kabla hujatulia wimbo umeshageuka. Sehemu ya kati inachezacheza, fidla inaruka, inanyamaza, inaruka tena. Debussy alikuwa amepanga kutunga sonata sita za ala mbalimbali, akamaliza tatu, hii ikiwa ya mwisho. Alitaka jina lake liandikwe pamoja na maneno "musicien français", mwanamuziki Mfaransa. Wakati ule wa vita neno hilo lilikuwa na uzito wake.

Sasa Ravel. Hapa mnivumilie.

Ravel alizaliwa mwaka 1875 Ciboure, pwani ya kusini-magharibi karibu na mpaka wa Hispania, na mama yake alikuwa Mbasque, watu wa mpakani hapo. Trio hii aliitungia ng'ambo ya bandari kutoka alikozaliwa, mji wa Saint-Jean-de-Luz, mwaka 1914. Alikuwa akienda nayo polepole. Agosti vita vikaja, na kazi iliyokuwa ikijikokota miezi mitano akaimaliza kwa wiki chache, maana alitaka akajiandikishe jeshini. Jeshi likamkataa, mwili wake mdogo, uzito haukutosha. Hakukata tamaa. Mwaka 1916 alikuwa dereva wa lori la jeshi upande wa Verdun, mtu wa miaka 41.

Sehemu ya kwanza inaanza na piano peke yake, chini chini, kwa mapigo manane yaliyogawanywa hivi: moja-mbili-tatu, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Mwenyewe alisema ina rangi ya Kibasque. Mimi mguu wangu ulianza kuhesabu kabla ya kichwa.

Sehemu ya pili ndiyo iliyoniandikisha uzi huu. Inaitwa Pantoum. Ni jina la aina ya shairi la Wamalay, pantun, ambalo washairi wa Ufaransa walilipokea karne ya 19. Kanuni yake: mshororo wa pili na wa nne wa ubeti huu unakuwa wa kwanza na wa tatu wa ubeti unaofuata. Ravel kachukua mpango huo akautia kwenye muziki. Ana wazo moja kali la kuchomachoma, na jingine laini linalotiririka, anayasuka, lile lililokuwa nyuma linatangulia, lililotangulia linarudi nyuma. Katikati anafanya jambo ambalo sijawahi kulisikia: fidla na chelo zinaendelea na mapigo yao ya tatu tatu, huku piano inaingia na wimbo mpana kama dua, kwa hesabu yake nyingine kabisa. Hesabu mbili, chumba kimoja, na hawagongani. Nilimtazama mpiga chelo; alikuwa hamtazami mtu, anasikiliza tu.

Nikiwa pale nilihisi jambo hili la mishororo kurudi nalijua. Naijua hali yenyewe, ila jina lake kwetu silipati. Kama kuna mshairi humu anisaidie.

Nitaendelea na sehemu ya tatu na Fauré, naingia zamu.

Shamba la Mkonge

Dada, umeandika vizuri, nimesoma yote. Lakini niulize kwa moyo mweupe. Muziki usio na maneno unauelewaje? Mimi taarab naipenda kwa sababu ya mashairi. Nikitoa maneno sijui nishike wapi.

Mwana wa Ng'ambo

Kaka, hilo swali nilikuwa nalo mwenyewe kwa miaka. Jibu lililonifaa ni bashraf. Ukienda onyesho la taarab la kale Unguja, kabla mwimbaji hajasimama, kikundi kinapiga bashraf, na haina neno hata moja. Hakuna anayeuliza inasema nini. Watu wanatulia, wanasikiliza kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ikiongoza na fidla zikijibu, na ukifika pale pale panaporudiwa utaona vichwa vinatikisika. Basi shika hapo hapo. Sikiliza kinachorudi. Kikirudi, jiulize kimerudi vile vile au kimebadilishwa nguo? Ukiweza kulijibu hilo unausikiliza muziki huu tayari.

Fidla ya Shangani

Mimi najifunza fidla hapa Unguja. Dada nimekusoma hadi kwenye mapigo ya Ravel nikasimama. Sisi tunafundishwa samai. Samai ina mapigo kumi: tatu, mbili, mbili, tatu. Mapigo yako ya Ravel ni tatu, mbili, tatu. Toa mbili moja ya katikati kwenye samai unapata Ravel kamili!

Nimejaribu sasa hivi kwa kupiga meza. Aliyezoea samai anaingia moja kwa moja, mkono unataka tu kuongeza zile mbili.

Mwana wa Ng'ambo

Mwanangu umenifungua. Ndiyo maana mguu ulihesabu wenyewe! Nyumbani tumekulia kwenye samai. Sisemi Ravel aliichukua kwetu wala kwa Waarabu, yeye alikuwa na ngoma za Wabasque za kwao. Lakini sikio lililolelewa na mapigo yasiyolingana halishangai likikutana na mengine.

Mzee wa Mizani

Nimeuona uzi huu nikasema nisipite.

Binti, unachokitafuta ni pindu. Wengine wanaliita mkufu, wengine nyoka. Kipande cha mwisho cha ubeti kinakuwa kipande cha kwanza cha ubeti unaofuata, na shairi linakwenda hivyo likijishika mkia. Hilo la Wamalay si pindu hasa, maana wao wanabeba mishororo mizima miwili na sisi tunabeba kipande. Lakini ni ndugu. Msikilizaji anapokuwa amelimaliza neno, anapewa lile lile kama mwanzo, na maana yake imeshageuka.

Nimekutungia beti mbili ili uone.

*Nimesikia mbalini, nyuzi zikijililia,*
*Sauti ya kilindini, polepole yapandia,*
*Ikanigusa moyoni, kiu ikanizidia,*
*Hata nirudi nyumbani, bado yanifuatia.*

*Bado yanifuatia, njiani na kitandani,*
*Nikifumba nasikia, ikiita sikioni,*
*Wapi ilipoanzia, na mwisho wake ni lini,*
*Mkufu umeingia, umejifunga shingoni.*

Tazama: "bado yanifuatia" ilikuwa kituo, ikawa mlango. Na kina cha mwisho kimekuwa kina cha kati. Kama huyo Ravel alifanya hivyo kwa sauti tupu, bila neno la kushikilia, basi alikuwa fundi.

Mwana wa Ng'ambo

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma beti hizi ndani ya treni nikapitiliza kituo.

Pindu! Ndilo. Na sasa nisikilize, maana umenipa ufunguo wa sehemu ya tatu ambayo sikuwa nimeielewa.

Sehemu ya tatu inaitwa Passacaille. Ni mtindo wa kale: wimbo mfupi wa besi unarudiwa tena na tena, na juu yake mambo yanabadilika. Huu wa Ravel una urefu wa baa nane, yaani mafungu manane ya mapigo. Unaanza kwa mkono wa kushoto wa piano peke yake, chini kabisa, mahali ambapo sauti ni kama mtu anayetembea ghorofa ya chini usiku. Kisha chelo inauchukua. Kisha fidla. Kila mmoja anapoupokea unapanda, unajaa, hadi katikati ukumbi wote umejaa sauti ungedhani ni watu ishirini. Halafu unateremka kwa ngazi zile zile, wanaondoka mmoja mmoja, na mwisho inabaki piano, chini, peke yake kama mwanzo.

Na wimbo huo wa besi, mzee, chanzo chake ni wazo la kwanza la ile Pantoum. Lile lililokuwa kali, la kuchomachoma, Ravel kalipunguza mwendo na kulishusha hadi chini kabisa, likawa kitu kingine. Kituo cha sehemu moja kimekuwa mlango wa nyingine. Amevusha mkufu hadi nje ya shairi.

Walipomaliza ile nota ya mwisho mpiga piano hakuinua mkono. Huku desturi ni kwamba watu hawapigi makofi kati ya sehemu na sehemu, wanangoja kazi nzima iishe. Nilipokuwa mgeni desturi hiyo iliniudhi. Alhamisi niliishukuru, maana ule ukimya ulikuwa sehemu ya muziki.

Sehemu ya nne sitaisema sana. Ina mapigo matano na saba yanayopokezana, fidla inameremeta juu, mwisho wake ni mwanga na kelele. Watu walisimama. Mimi bado nilikuwa kule chini kwenye besi.

Kivu Asubuhi

Jambo sana toka Bukavu. Sisi huku Kifaransa tumekisoma shuleni, basi niongeze kitu kidogo juu ya maneno yanayoandikwa juu ya noti. Ile Passacaille imeandikwa *Très large*. Wengi wanadhani ni "polepole sana" tu. Lakini *large* kwa Kifaransa ni pana. Anamwambia mpigaji apige kwa upana sana, si kwa uvivu. Pantoum ni *Assez vif*, yaani changamfu kiasi cha kutosha, asipitilize. Wafaransa hawa, Ravel na Debussy, walipenda kuandika maelekezo kwa lugha yao badala ya Kiitaliano kilichozoeleka. Sonata ya Debussy, sehemu ya kati anataka ipigwe *fantasque et léger*: kama ndoto yenye vituko, na nyepesi.

Dada, Fauré je? Umemwacha mlangoni.

Mwana wa Ng'ambo

Ahsante sana ndugu yangu wa Bukavu, "pana" limeniweka sawa. Nilikuwa najiuliza kwa nini haichoshi wakati inakwenda taratibu vile.

Fauré sikumwacha, nilimwogopa kidogo, maana ndiye niliyempenda kwa namna isiyoelezeka haraka.

Kwarteti yake ya kwanza, opasi 15 (namba ya kazi zake), aliitunga kati ya 1876 na 1879. Ili kuielewa lazima ujue hali ya Paris. Ufaransa ilipigwa na Prussia vita vya 1870, na Februari 1871 wanamuziki akina Saint-Saëns na Romain Bussine wakaanzisha chama, Société Nationale de Musique, ili watunzi Wafaransa walio hai wapate pa kusikika. Watu wa Paris walikuwa watu wa opera, na muziki wa chumba kwao ulikuwa zaidi wa Wajerumani, Beethoven na wenzake. Kwarteti hii ilisikika kwenye jukwaa la chama hicho tarehe 14 Februari 1880, Fauré mwenyewe kwenye piano. Sehemu ya mwisho haikumridhisha, akaitupa na kuiandika upya mwaka 1883.

Katikati ya kuitunga, mwaka 1877, mchumba wake Marianne Viardot alivunja uchumba. Wengi wanaieleza sehemu ya tatu, ile Adagio, yaani ya polepole, kwa jambo hilo. Mimi sipendi kuupa muziki sababu moja hivyo. Nilichosikia ni chelo ikisema neno fupi, viola ikalishika, fidla ikaja juu yao, na piano inaweka sauti nzito chini kama mtu anayepanga mawe. Haipigi kelele. Ina huzuni ya mtu mzima, anayekuandalia chai huku macho yake ni mekundu.

Sehemu ya pili ni ya kufurahisha mno, ala zote tatu za nyuzi zinadonolewa kwa vidole bila upinde, na piano inapita juu yao kama mtoto anayekimbia pembeni ya maji. Niliona mzee mmoja mbele yangu anatabasamu peke yake.

Na kuna jambo jingine kuhusu mikufu. Saint-Saëns alimfundisha Fauré alipokuwa kijana pale shule ya Niedermeyer. Fauré naye akamfundisha Ravel utunzi pale Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris. Kwa hiyo waliopanga programu walitupigia mwanafunzi kwanza, kisha mwalimu. Ukisikia kwa mpangilio huo, unamsikia Ravel ndani ya Fauré, kabla hajazaliwa kimuziki.

Fauré uzeeni masikio yalimharibikia. Si uziwi wa kimya tu. Sauti za juu na za chini zilimfikia zimepinda, si zile zilizopigwa. Na bado akatunga, trio yake ya piano mwaka 1923, kwarteti ya nyuzi mwaka 1924, mwaka aliokufa. Mtoto wa mpiga fidla anapolisoma hilo linamuuma mahali pake. Baba sasa sikio la kushoto halisikii vizuri.

Shamba la Mkonge

Dada nimefanya ulivyosema. Nimesikiliza ile Pantoum mara tatu mtandaoni. Mara ya kwanza vurugu tupu. Mara ya pili nikaanza kulitambua lile wazo kali likirudi. Mara ya tatu nikawa nalingojea. Sikutegemea.

Sasa niende wapi baada ya hapo? Nipe moja au mbili, usinipe ishirini.

Mwana wa Ng'ambo

Umenifurahisha sana kaka.

Ya kwanza: sonata ya fidla na piano ya César Franck, ya mwaka 1886. Huyu alizaliwa Liège, Ubelgiji, lakini maisha yake ya muziki ni Paris. Aliitoa kuwa zawadi ya harusi ya mpiga fidla Eugène Ysaÿe. Desemba mwaka ule ule Ysaÿe aliipiga Brussels pamoja na mpiga piano Léontine Bordes-Pène, ndani ya jumba la makumbusho la picha ambalo taa zilikatazwa. Jioni ikawaingilia katikati ya kazi, noti hazionekani, wakaimaliza gizani kwa kukumbuka. Nenda moja kwa moja sehemu ya mwisho: piano inaanza wimbo, fidla inaufuata ule ule nyuma yake kwa hatua moja, kama watu wawili wanaoitikiana wakitembea. Huhitaji mwalimu kwa hiyo.

Ya pili: *D'un matin de printemps* ya Lili Boulanger. Ni dakika tano hivi, ipo kwa fidla na piano, na kwa trio pia. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda Prix de Rome ya utunzi, tuzo kubwa ya Ufaransa, mwaka 1913. Alifariki Machi 1918 akiwa na miaka 24, siku kumi kabla ya Debussy. Muziki wenyewe ni asubuhi tupu, jua na umande.

Ombi moja. Ile Passacaille usiisikilize kwa spika ya simu. Mwanzo wake uko chini sana, simu haiufikii, utadhani bado hawajaanza. Vaa visikilizio.

Fidla ya Shangani

Dada Mwana wa Ng'ambo, noti za trio ya Ravel nimezipata, zipo wazi mtandaoni, amefariki tangu 1937. Nimewaonyesha wenzangu wawili, mmoja wa chelo na mmoja wa kanuni. Piano nzuri karibu na sisi hatuna. Tunawaza tuchukue zile baa nane tu za Passacaille: chelo ianze badala ya mkono wa kushoto wa piano, fidla ipokee, kanuni ijaze juu. Ni kuharibu?

Mwana wa Ng'ambo

Si kuharibu hata kidogo. Ila chelo aanze peke yake kabisa, na kanuni avumilie. Asiingie hadi mzunguko wa tatu, na akiingia asitie mapambo. Wakati wa kushuka aondoke wa kwanza.

Nimempigia baba nikamsimulia. Nilimtumia Passacaille jana, kaweka simu sikio la kulia. Anauliza mnafanya mazoezi siku gani.

Fidla ya Shangani

Jumanne na Ijumaa baada ya alasiri. Mwambie aje na fidla yake.